Miaka Yangu ya Kufa kwa Uzembe

Nimekufa kwa ngazi, kwa umeme, kwa kamba iliyokatika, kwa sigara iliyowashwa karibu na pipa la petroli, na mara moja kwa ganda la ndizi, ambalo Bwana Pinto, mwenye kamera, aliapa kuwa nalo ni hatari ya kazini. Sasa nimestaafu, mzima wa afya. Vijana mnaokuja barazani kwangu kuniuliza mtu anaingiaje kwenye uigizaji, haya nimewaandikia nyinyi. Sitosema nilipandishwa cheo lini, maana maiti hapandishwi cheo. Nitasema namna ya kuanguka, nani alinifundisha, na vipi kazi hiyo ilitaka kuninyima mke.

Mapenzi yenyewe yalianza Unguja, sinema, viti vya mbele, ambako shingo inauma lakini unaona mpaka meno ya farasi. Wenzangu wote walimpenda stelingi, shujaa wa picha. Mimi nilimpenda yule anayesimama nyuma yake: anayefungua mlango, anayesema "wamepita huku," kisha anapigwa risasi kabla hujajua jina lake. "Stelingi hafi," wenzangu walikuwa wakijigamba, kama vile ni mjomba wao. "Hafi," niliwajibu, "kwa sababu kuna mtu anamfia." Skuli ya sekondari tulipofanya mchezo nilipewa mlinzi wa mfalme, anayechomwa kisu nyuma ya pazia. Mwalimu mkuu alisema ndicho kitu pekee nilichowahi kukifanya kwa wakati wake.

Baada ya skuli miguu yangu haikutulia. Mombasa, jikoni melini, Kuwait kidogo, nikarudi Unguja. Mwaka wa sitini na nne nikaja Maskati, kama wengi wetu, na sanduku moja. Nilikuta mji mzuri, milima imeuzunguka kama watu wanaotazama ugomvi, lakini hauna sinema. Ukitaka kuona mtu anakimbizwa, ungoje mbuzi wa jirani atoroke. Usiku milango ya mji ilifungwa, na baada ya hapo asiye na fanusi mkononi hapiti njiani. Nilikaa kitako nikaikumbuka Unguja mpaka nikachoka kukumbuka.

Ikatokea kampuni moja ya ujenzi iliyokuwa ikisimamisha matangi ya mafuta pwani, nje ya mji. Wafanyakazi wake walitoka kila pahala, Batina, Baluchistan, Bombay, Unguja, na kila mmoja aliambiwa "jihadhari" kwa lugha ya mwenzake. Wakubwa wakaona bora wawaonyeshe kwa picha. Wakamleta Bwana Pinto, Mgoa aliyekuwa akipiga picha za harusi Mombasa, atengeneze filamu fupi fupi za usalama. Hazikuwa na sauti. Zilionyeshwa kambini baada ya Magharibi, kwenye shuka lililotundikwa ukutani, mtu akisimama kando kueleza kwa Kiarabu, na ilibidi ziishe upesi ili wanaokaa ndani ya mji wauwahi mlango. Kwa hivyo nilijifunza kufa haraka.

Siku ya kwanza Bwana Pinto alitupanga mstari mbele ya ngazi. "Kila mtu apande, kisha aanguke." Wenzangu walipanda, wakatazama chini, wakateremka taratibu, wakasema wameshaanguka. Mmoja aliruka akatua kwa miguu yote miwili, akauliza kama hivyo si bora zaidi. Mimi nilipanda, nikatazama juu kama ninayetafuta ndege, nikaachia. Nikatua juu ya magunia ya mchanga.

"Umeumia?" aliuliza Bwana Pinto.

"Sijui bado."

"Mbona hukuangalia chini?"

"Mzembe hajui kama ataanguka, bwana. Angelijua, asingelianguka."

Alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena kunitazama vizuri. "Wewe hutafanya kazi nyengine hapa," alisema. Nilidhani amenifukuza.

Kila filamu yetu ilikuwa na watu wawili: Mzembe na Mwangalifu. Mzembe anafanya kosa na kufa. Mwangalifu anaifanya kazi ileile kwa utaratibu, kisha anaitazama kamera na kutabasamu. Mzembe nilikuwa mimi. Mwangalifu alikuwa Khalfan, kijana wa Kimaskati aliyelelewa Unguja, mrefu, meno yamepangwa kama shanga. Khalfan alikuwa stelingi, na ninasema bila ya husuda kwamba kofia ngumu haijapata kumkaa mtu kichwani kama ilivyomkaa yeye. Kamera ikizimwa tu, basi. Alijibana vidole kwenye mlango wa gari, akakaa juu ya sigara yake mwenyewe, akanywa mafuta ya taa akidhani maji. Aliwahi kufungua chupa ya soda, kizibo kikamvimbisha jicho. Mtu wa kumshika mkono kuvuka uchochoro alikuwa mimi, Mzembe.

Bwana Pinto ndiye aliyenifunza kazi. Toa pumzi kabla hujatua. Aliyejaa hewa anadunda. Funga meno, ulimi uwe ndani. Vua saa. Chini ya jamvi tulitandika makuti ya mtende, miiba yake imetolewa, maana siku ya kwanza haikutolewa na nilikufa nikaruka tena juu. Damu tulifanya kwa asali ya tende, kwa vile filamu ilikuwa nyeusi na nyeupe na asali haikauki haraka. Ubaya wake ni nzi. Siku moja, nimelala nimekufa vizuri kabisa chini ya boriti, akaja mbuzi wa kijiji cha Wattaya, sijui alivyopenya, akaanza kunilamba damu shavuni. Ulimi wa mbuzi, vijana, ni msasa uliochovywa uji.

"Usifufuke!" alinong'ona Bwana Pinto nyuma ya kamera. "Filamu si maji ya mfereji wa falaji! Usifufuke!"

Sikufufuka. Alinilamba shavu, sikio, akaingia puani. Kifua kilikuwa kikinipanda kwa kicheko nikakishikilia kwa kufikiria deni, jua, na mtihani wa hesabu. Walipoionyesha filamu ile, watu wazima walilia. Mzee mmoja wa Bawshar alisimama akasema hata mnyama amemhurumia maskini.

Hapo ndipo nilipopata jina la Marehemu. "Marehemu, salaam alaykum." "Marehemu, umeamkaje?" Jina halikuniudhi. Kilichonisumbua ni kuwa watu waliniamini kupita kiasi. Muuza duka Matrah alikataa kuniuzia kiberiti. Nikipanda gari la kampuni, dereva alisoma Ayatul Kursi kwa sauti. Kinamama waliwanyanyua watoto njiani nikipita, na jioni nikitembea na fanusi yangu, kama sharia ilivyotaka, wenzangu walivuka upande wa pili wa njia. Khalfan, naye, aliitwa na majirani awanasihi watoto wao. Alikwenda, akawanasihi, na wakati wa kutoka akajigonga kwenye kizingiti.

Sasa Zuwena. Alikuwa mshoni, mtalaka, akikaa na baba yake Mzee Salum, mtunza stoo wa kampuni. Ovaroli zangu zote zilipita mkononi mwake. Kwa kila filamu nilimpelekea kabla ya kufa, nikamwonyesha kwa chaki wapi pachanike: bega hili, si lile, na kwa uzi hafifu, ili nikining'inia kwenye msumari kitambaa kikatike na mimi nisikatike. Alikaa nyuma ya pazia la mlango akiuliza maswali.

"Utaanguka kwa upande gani?"

"Kushoto."

"Basi mshono nitauanzia kwapani. Na msumari umeutazama?"

"Nimeukunja mwenyewe."

"Mtu gani wewe," alisema, "unayejipangia kufa kama anayepanga harusi?"

Nilikwenda nyumbani nikakosa usingizi. Nimezunguka miji mingi na hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu msumari. Nikamtafuta Ami Rashid, mkubwa wa ukoo wetu Maskati, twende tukapose.

Mnajua desturi. Mkija na haja, kahawa mtamiminiwa, lakini hamuinywi mpaka mwenyeji aitikie haja yenu. Mzee Salum alikuwa mtu wa hadhari kubwa. Stoo yake kila kitu kimefungwa kamba, hata kamba zenyewe. Alitumiminia, Ami Rashid akaweka kikombe chini, akasema maneno yake mazuri ya ukoo na dini. Mzee Salum akanitazama mikono.

"Mwanangu nimpe mtu aliyekufa kwa ndizi?"

"Ilikuwa kuigiza, mzee," nilisema.

"Kuigiza nnakujua. Mie si mshamba, Unguja nimekwenda sinema. Lakini mtu haigizi asichokuwa nacho. Yule mbuzi mwenyewe aliamini! Uzembe ule umo ndani yako, umekutoka tu ukaonekana."

"Na Khalfan?" aliuliza Ami Rashid.

"Khalfan ni uangalifu mtupu, mashallah. Unauona mpaka kwenye meno." Akakohoa. "Na yeye keshaulizia."

Tukaondoka, kahawa imepoa vikombeni. Ami Rashid, mpenzi wa halwa, aligeuka mara mbili kuitazama sinia. "Wallahi," alisema njiani, "ungelikufa kwa kitu cha heshima kidogo. Mzinga. Farasi."

Kesho yake nilimwendea Bwana Pinto. Nilimwomba filamu moja tu, moja, niwe Mwangalifu, mzee anione. Alicheka mpaka akashika kamera isianguke.

"Rafiki yangu, wewe ukishika ngazi watu wanaanza kusoma Fatiha. Nani atakuamini?"

"Mtu mmoja akiniamini inatosha."

"Kazi yetu sisi wa nyuma ni kushika sinia sawasawa ili stelingi apate kuimwaga. Ukitaka kuimwaga wewe, nani atashika?" Lakini alikuwa mtu mwema, na Mungu naye akaleta sababu. Khalfan alitoka kambini mchana kweupe, watu wakimpungia mkono, "Mwangalifu! Mwangalifu!", naye akarudi kinyumenyume akiwapungia, akatumbukia kwenye shimo la bomba. Kando ya shimo lilisimama bango la hatari lenye picha yake mwenyewe. Mguu ukavunjika. Mzee Salum alipopata habari alisema ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Mimi nilipojikwaa mlangoni kwake wiki hiyohiyo alisema ni uzembe.

Filamu ya ngazi ilikuwa imeshapangwa, na wakubwa waliitaka. Bwana Pinto akanivisha kofia ya Khalfan, ikanishuka mpaka kwenye nyusi. Nikaikagua ngazi, nikaitikisa, nikamwita mwenzangu aishike, nikapanda, nikafunga skrubu, nikateremka, nikaitazama kamera na kutabasamu. Sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko ile. Tabasamu lenyewe lilikataa. Meno yangu hayakuzoea kuonekana nikiwa hai.

Jioni ya kuonyeshwa, kambi ilijaa. Mzee Salum alikaa mbele kabisa, fimbo katikati ya magoti. Nilipotokea tu kwenye shuka watu walipiga makofi. Nilipoishika ngazi walianza kucheka. Nilipopanda walinyamaza. Mtu mmoja akafumba macho, mwengine akasema "Ya Latif." Nikafika juu. Kimya. Nikafunga skrubu. Kimya. Nikateremka, nikatia mguu chini, nikatabasamu, na mwanga ukakatika.

"Mbona hajaanguka?" aliuliza mtu.

"Wamekata!"

"Rudisha! Wamekata pahala penyewe!"

Wakasimama. Mtu wa projekta akaapa kuwa filamu ni nzima. Wakamlazimisha airudishe, nikapanda tena, nikateremka tena, wakakasirika zaidi. Wengine walikwenda nyuma ya shuka kunitafuta, labda nimeangukia huko. Wale wa ndani ya mji ilibidi waondoke kuwahi mlango, wakaenda wakinung'unika njia nzima kama waliodhulumiwa.

Mzee Salum alinijia na fimbo yake.

"Nimekuona," alisema.

"Sikuanguka, mzee."

"Hukuanguka. Lakini ile ngazi uliishika kama unayeishika mara ya kwanza. Lile tabasamu, astaghfirullah, nilidhani tumbo linakukata. Mimi nilikwambia mtu haigizi asichokuwa nacho. Uzembe uliuigiza mpaka mbuzi akaamini. Uangalifu umekushinda. Sasa unataka ushahidi gani mwengine?"

Vijana, nimekufa mara nyingi, lakini pale ndipo nilipojua maiti anavyojihisi. Nilikuwa nimeipanda ngazi kwa miguu yangu kwenda kutoa ushahidi dhidi yangu mwenyewe.

Ami Rashid alisema twende mara moja ya mwisho, kwa adabu, tukaage. Nadhani alikwenda kwa ajili ya halwa. Tukakaa, tukamiminiwa, vikombe vikawekwa chini. Mzee Salum alianza kuieleza hukumu yake kwa utaratibu, kama anayehesabu misumari ya stoo. Hakuimaliza. Pazia la mlango likatikisika.

"Baba, nna neno."

"Sema, mwanangu."

"Khalfan anauigiza uangalifu vizuri?"

"Hakuna mfano."

"Na mguu wake uko wapi?"

"Umefungwa mabanzi. Kadari."

"Na vidole vyake? Na jicho lile la soda? Na kizingiti cha jirani? Kadari zote hizo zimemwona yeye peke yake?" Mzee Salum alianza kuzihesabu kwa vidole. "Mganga hajigangi, baba. Khalfan uangalifu wake wote anaumimina kwenye filamu, nyumbani anarudi mtupu, hakubaki hata tone la kufungulia soda. Na huyu hapa uzembe wake anaumwaga wapi?"

Ami Rashid alianza kuitikia kwa kichwa polepole.

"Anaumwaga kazini," aliendelea Zuwena. "Siku ile alipokuwa Mwangalifu, angalia, wiki hiyohiyo alijikwaa mlangoni kwetu. Mie nimeshona ovaroli zake zote. Kila shimo limepangwa, hakuna hata moja la bahati mbaya. Wewe kanzu yako hiyo imeungua wapi?"

Mzee Salum aliitazama kanzu yake. Palikuwa na tundu dogo la kaa la buhuri. Akaifunika kwa mkono. Akaipindua hesabu hiyo mpya upande huu na upande huu, na nikaona inampendeza, kwa sababu ilikuwa na utaratibu.

"Basi nnampa," alisema. "Lakini kwa sharti. Afe. Asiache kufa. Siku atakayowacha, uzembe utarudi nyumbani, na mimi sitaki mwanangu aumie."

"Utakufa?" Ami Rashid aliniuliza, mkono wake umeshafika kwenye kikombe.

"Nitakufa," nilisema.

"Nyweni kahawa," alisema Mzee Salum. Ami Rashid alikuwa ameshamaliza, na anatafuna.

Tukaoana, na nikashika ahadi. Nilikufa kwa mnyororo, kwa tindikali iliyokuwa maziwa, kwa gurudumu, kwa kulala kivulini mwa gari. Khalfan alipopona mguu akarudi kutabasamu, nami nikarudi kumfia, na hakuna baina yetu aliyelala na kinyongo. Kama nina neno moja la kukuachieni, basi ni hili: anayesimama nyuma aipende nyuma. Pale ndipo unapoona kila kitu, pamoja na shimo ambalo stelingi analirudia kinyumenyume.

Mwaka huu matangi yamekwisha, na Bwana Pinto amefunga kamera yake akarudi kwao. Tuliagana bila ya maneno mengi. Aliniomba nianguke mara moja zaidi, bila ya filamu ndani ya kamera, akatazama tu.

Asubuhi ya kwanza ya kustaafu nilivunja birika. Ya pili nilikanyaga sinia. Ya tatu nilijimwagia chai, nikaruka, nikaliangusha kabati la vyombo ambalo mke wangu alilibeba tangu kwao. Zuwena hakugomba. Alikaa akanitazama mikono, kama baba yake, kisha akainuka akakokota godoro akalitandika uani chini ya ngazi ya darini.

"Kufa kidogo, bwana," alisema, "kabla hujashika kikombe."

Tangu siku hiyo kila asubuhi, baada ya sala, ninapanda, ninatazama juu, ninaachia. Watoto wa majirani wameshaijua saa yenyewe, wanakaa juu ya ukuta wanapiga makofi. Mzee Salum akija anashika ngazi. Hakuna chombo kilichovunjika tena nyumbani. Niwieni radhi nikomee hapa. Chai imeshaiva, na mimi bado sijafa.